Pad thai au pho: uanze na kipi?

Kama unapika mwenyewe, anza na pad thai ya Thailand. Ni tambi za mchele zinazokaangwa kwa moto mkali pamoja na yai, kamba au tofu (jibini ya soya), na machipukizi ya choroko. Ladha inatoka kwenye ukwaju, sukari na sosi ya samaki (harufu yake kali hupungua ikipata moto). Juu hunyunyiziwa karanga zilizopondwa, na ndimu huwekwa pembeni. Pilipili ya unga huletwa kando, kwa hiyo ukali unaupima mwenyewe. Loweka tambi zilainike tu, zisiive, maana zitamalizikia kwenye kikaango. Tena usipike sahani nne kwa mkupuo: kikaango kikijaa moto hushuka, tambi huchemka badala ya kukaangika, zikagandana.

Pho ya Vietnam nayo ni tambi za mchele, ila kwenye supu. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa taratibu kwa saa nyingi na mdalasini, karafuu, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba huivia bakulini ikimiminiwa supu ya moto. Ukiogopa hilo, agiza iliyokwisha kuiva. Kusini mwa nchi huletwa na sahani ya rehani na mboga nyingine mbichi, Hanoi, kaskazini, huwa na vikolezo vichache zaidi.

Mgahawani, mimi ningeagiza pho kwanza. Supu ya namna ile nyumbani itakula siku nzima na gesi.