Kisiwani kwa Siku Moja: Boti Nzuri, Ratiba Isiyojua Maji

Jumamosi iliyopita mimi, mama yangu na binti yangu tulipanda boti kwenda kisiwa kidogo kilicho mwendo wa dakika 40 kutoka ufukweni, tukarejea siku hiyohiyo. Huduma hiyo inafaa, lakini kwa sharti kwamba msafiri aulize habari za maji kabla ya kulipa.

Usalama waliuzingatia vyema. Kabla ya kung'oa nanga, baharia alimpitia kila abiria akimkazia mikanda ya jaketi okozi, na alipoona la binti yangu limempanda hadi masikioni, alimvua akamletea la kitoto, lenye mkanda unaopita kati ya miguu ili mtoto asichomoke akiwa majini. Viti vya tezi, yaani nyuma ya boti, havirushi sana, ila moshi wa mashine huishia huko. Anayechafukwa na moyo ni heri akae katikati, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na simu aiache mfukoni.

Kasoro ilikuwa ratiba: kwenda saa 3 asubuhi, kurudi saa 9 alasiri, siku zote, kana kwamba bahari nayo imevaa saa. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvu, ambayo hujaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa hupita takribani saa 6. Asubuhi tulishukia kwenye mchanga mkavu. Alasiri boti ilikuwa imesimama mbali, nasi tukaifuata kwa miguu juu ya mawe yenye utelezi, maji yakitufika magotini, mama akishikwa mkono huku na huku na mabaharia wawili, viatu vyake amevikumbatia. Nahodha, nilipomuuliza, alikiri kwamba alilijua hilo tangu asubuhi, lakini saa hupangwa ofisini.

Kwa kuwa maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, saa inayofaa Jumamosi haiwezi kufaa Jumanne, na kulirekebisha jambo hilo hakuhitaji gharama yoyote.

Kisiwa chenyewe ni safi, kimya, na huzungukwa kwa nusu saa. Kivuli ni haba. Tutarudi, ila wiki ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mama ameshasema atakuja na viatu vya mpira.