Uzoefu wangu: kozi ya uuguzi wa dharura kwa mbwa na paka

Nilisomea afya ya mifugo, na huko darasani ng'ombe ndiye aliyekuwa mfalme. Mbwa tulimgusia tulipofika kichaa cha mbwa. Leo nafanya kazi katika kliniki ya wanyama wadogo hapa Nakuru, na mgonjwa mahututi akiletwa usiku, mimi ndiye humpokea kabla daktari hajafika. Kwa hiyo nilijilipia shilingi 18,000 za kozi: wiki kadhaa za masomo mtandaoni, kisha siku mbili za vitendo.

Siku hizo mbili peke yake zimenirudishia pesa yangu. Tulipewa mbwa bandia tumfufue. Unamlaza ubavu, unabonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kizame theluthi moja hadi nusu ya upana wake, halafu unakiachia kirudi kabisa. Kila dakika mbili unampisha mwenzako. Kabla ya zamu yangu kwisha kina kilikuwa kimepungua, nami sikuhisi. Mkufunzi ndiye aliyeniona.

Pia nimejifunza kutazama. Unabonyeza ufizi, unaachia, unahesabu: rangi ikichelewa kurudi kupita sekunde 2, damu haizunguki vizuri. Unaandika, na baada ya robo saa unapima tena. Zamani faili zangu zilisema tu "anaendelea vizuri".

Mwezi uliofuata mzee mmoja alitoka Bahati na mbwa anayetetemeka, mate yanachuruzika, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Mzee, mlimwogesha na nini?"

"Ile dawa ya ng'ombe, mwanangu. Kupe walikuwa wamemzidi."

Awali ningekimbilia kumwosha. Safari hii nilimpigia daktari simu huku nikipangusa mate njia ya hewa iwe wazi, nikampa oksijeni, nikaweka kanula, kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mguu wa mbele. Ndipo nikavaa glavu tukamwosha kwa sabuni na maji mengi. Daktari alipoingia, atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, ilipita moja kwa moja kwenye mshipa. Siku ya tatu mbwa alirudi nyumbani akitembea.

Lakini yapo yaliyoniudhi. Video zilijaa mashine za kupumulia na za kupima gesi za damu, na hakuna aliyetuambia ufanye nini ukiwa na mtungi mmoja wa oksijeni na umeme umepotea. Paka alipewa somo moja fupi, na hilo ni kosa kubwa. Paka akiwa katika mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, mara nyingi mapigo yake hushuka na mwili hupoa, na dripu anayopewa mbwa kwa kila kilo inaweza kumjaza maji mapafuni. Nilipouliza niliambiwa ningoje kozi ya pili, ambayo inalipiwa upya.

Ukitaka kujiunga, uliza kwanza kama mafunzo hayo yanahesabiwa na Kenya Veterinary Board unapohuisha leseni yako. Mimi niliuliza nikiwa nimeshalipa, na hadi leo sijajibiwa. Siku za vitendo, hata hivyo, ningezilipia tena kesho.