TAHADHARI: "Maafisa wa Interpol" wanaokurudishia pesa ulizotapeliwa mtandaoni

Ukishapigwa kwenye mradi wa uongo wa sarafu za kidijitali, namba yako haitupwi, inauzwa. Baada ya muda anapiga mtu mwingine, anajiita mchunguzi wa makosa ya mtandao wa Interpol, na anataja kiasi ulichopoteza bila kukosea. Hapo ndipo wengi wanalainika: kajuaje? Kauziwa na waliokupiga, au ni haohao.

Anatuma "ripoti ya uchunguzi" yenye nembo na namba ya muamala, herufi na tarakimu 64. Namba hiyo ni ya kweli kabisa. Miamala ya USDT, sarafu ya kidijitali inayotolewa na kampuni ya Tether, iko wazi kwa dunia nzima. Fungua tovuti za kutazama miamala, Tronscan au Etherscan, uione bure. Lakini kuziona pesa zilikoenda si kuzishika, na muamala uliothibitishwa hakuna fundi wa kuugeuza. Kinachowezekana ni soko la sarafu, au Tether yenyewe, kuifunga anwani ya pochi (namba ya mahali sarafu zinapotunzwa), kwa kawaida kwa ombi la vyombo vya dola. Katika kesi ya Colonial Pipeline mwaka 2021, kampuni ya bomba la mafuta Marekani iliyolipa wadukuzi, FBI walikuwa na ufunguo wa siri wa pochi na kibali cha mahakama, na bado zilipatikana bitcoin 63.7 kati ya 75 zilizolipwa.

Ada huanza ndogo, "ya gesi", yaani gharama ya kutuma muamala. Ukilipa inakuja kodi, kisha cheti cha kuthibitisha kwamba pesa si za utakatishaji. Katikati unaonyeshwa tovuti yenye jina lako na salio "tayari kutolewa". Tarakimu zimechapwa tu. Wengine hawadai ada, wanataka yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi yako, au uweke AnyDesk, programu ya kuendesha simu kutoka mbali, "wakusanye ushahidi". Huo wa ushahidi ndio uongo mkubwa kuliko wote. Mchunguzi halisi akishika simu, kitu cha kwanza ni kuitenga na mtandao. Kisha ananakili data na kuipigia hesabu ya SHA-256, inayotoa namba inayobadilika data ikiguswa hata kidogo, ili mahakamani ionekane nakala haijaguswa. Anayekubofyabofyia simu kutoka mbali anauharibu ushahidi huohuo.

Interpol, makao makuu Lyon, Ufaransa, hufanya kazi kupitia ofisi iliyo ndani ya polisi wa kila nchi mwanachama, nchi 196. Haipigii raia kumdai ada. Akitaja Operesheni Serengeti, msako wa Interpol dhidi ya uhalifu wa mtandao Afrika, asikutishe: ya 2025 ilikamata watu 1,209 kweli, na matapeli nao wanasoma habari.

Kama umeshatuma kwa simu, piga huduma kwa wateja sasa hivi, kabla salio halijatolewa kwa wakala. Tanzania, ripoti namba ya tapeli kwenda 15040. Kisha polisi, upewe RB, namba ya taarifa yako (Kenya, namba ya OB). Usichelewe: Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu makosa ya mtandao unaruhusu nchi wanachama kuombana kuhifadhi data kwa siku zisizopungua 60, ila data hiyo iwe bado ipo.

Anwani ya pochi na namba ya muamala zinakiliwe kama maandishi. Skrinshoti mara nyingi haionyeshi anwani nzima, na herufi moja ikikosekana haitafutiki. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute, simu usiifomati. Barua pepe za tapeli hifadhi faili lenyewe, maana sehemu ya juu isiyoonekana ndiyo yenye seva na saa ilizopitia.