Kibanda cha Kansanga kinachomfuatilia kwotabeki kijana msimu mzima

Vibanda vya mpira hapa Kampala ni vingi mno, na ukiviingia vingi havina tofauti: skrini, mabenchi, makelele, watu wameshika mikeka yao ya kamari. Ninachokiandikia leo kiko Kansanga, kwenye njia inayoteremka karibu na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, mlango wa bati uliopakwa buluu. Jumapili usiku kinaonyesha mpira wa Kimarekani, na mwenyewe anaueleza kwa Kiswahili mpaka mtu aliyeingia kujikinga mvua anatoka akijua kwa nini timu imeshindwa. Sijakuta huduma hiyo kwingine mjini. Mwenye kibanda ni Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, na wote tunamwita Kocha.

Kiswahili kinaingia chenyewe kutokana na wateja. Wamo wanafunzi wa Kenya na Tanzania, wamo Wakongo wanaokaa Kansanga na Kabalagala, wamo vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wa usiku. Mimi nililelewa kambini Bombo, nikakuta Kiswahili nyumbani na kwenye gwaride, kwa hiyo pale najisikia kwetu. Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari na huwa wananiita Madamu tangu mlangoni. Mwanamke anayekaa kwenye kibanda hadi usiku wa manane anahitaji kujua kama ataheshimiwa. Pale anaheshimiwa. Kocha hataki matusi, na nimeshuhudia mtu akirudishiwa kiingilio chake na kuonyeshwa njia.

Kinachonipeleka ni shida ya kazini kwangu. Timu yangu ya mpira wa kikapu ya wasichana inafungwa sana. Timu inayofungwa ikijaliwa mtoto mmoja mwenye kipaji, kila mtu anataka aibebe mgongoni: mkuu wa shule, wazazi, hata wenzake uwanjani. Nilikuwa natafuta mahali pa kujifunza namna ya kumlea mtoto wa aina hiyo asivunjike, nikapapata kwenye mchezo ambao shuleni kwetu hakuna aliyewahi kuucheza.

Wamarekani wameliwekea jambo hilo utaratibu. Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hukaa kwenye drafti na kuchagua vijana wapya kwa raundi saba, na timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo inayochagua kwanza. Mara nyingi inamchagua kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya mstari, anayeamua ndani ya sekunde mbili tatu ampe nani au aurushe wapi. Maana yake kijana anayetamaniwa na wote anapelekwa kwenye nyumba yenye matatizo kuliko zote, tena anakabidhiwa funguo siku ya kwanza.

Usiku wa drafti Kocha anafungua. Kwetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na anayekuja anakuja kwa hiari yake kweli. Ana ubao mweusi wa shule aliouegemeza ukutani. Kila timu inayotarajiwa kuchukua kwotabeki anaiandikia jina la kijana juu, na chini yake anaacha nafasi tano za wazuiaji, wale majitu wanaosimama mbele yake. Anazijaza kwa wachezaji ambao timu tayari inao. Nafasi ambayo haina mtu wa maana anaichora duara la chaki nyekundu. Mwanafunzi mmoja akimuuliza kijana ana mkono wa namna gani, Kocha anagonga yale maduara: “Kwanza niambie nani atasimama hapa.”

Mechi yenyewe ikianza, anafundisha kwa vifuniko vya soda. Vyekundu kumi na kimoja, vya rangi nyingine kumi na kimoja, juu ya meza ya mbao yenye alama za chaki. Jaribio moja likiisha vibaya anasimamisha picha kwenye skrini, anarudisha nyuma, anapanga vifuniko kama walivyokuwa watu uwanjani, kisha anavisogeza polepole. Siku moja kwotabeki aliangushwa na mpira mkononi na kibanda kizima kikamcheka kuwa mzito. Kocha akarudisha picha. Akatuonyesha mzuiaji wa kushoto kabisa: mguu wake wa nje ulirudi nyuma kwa kuchelewa, mabega yakageuka, na mlinzi akapita upande wa nje bila kuguswa. Kwotabeki alikuwa anatazama kulia, kama alivyofundishwa. Hakuwa na namna ya kumwona anayemjia mgongoni. Akarudia mara tatu, mara ya mwisho akauziba uso wa kwotabeki kwa kiganja ili tutazame miguu tu ya yule mzuiaji. Siku hizi hata wasichana wangu nawatazama miguu kwanza, mpira baadaye.

Somo lake kubwa ni biashara ya mwaka 2023 kati ya Carolina na Chicago, na hachoki kulirudia. Carolina Panthers walitaka kuchagua wa kwanza, nafasi iliyokuwa mikononi mwa Chicago. Wakawapa Chicago Bears mchezaji wao mzuri wa kupokea mipira, D.J. Moore, pamoja na nafasi kadhaa za drafti, mojawapo ikiwa ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Wakamchukua kwotabeki Bryce Young. Sasa kijana amefika, aliyekuwa bora wa kupokea mipira yake ameuzwa ili yeye apatikane, na mbele yake ukuta unavuja. Msimu huo aliangushwa mara 62. Panthers walishinda mechi 2 na kupoteza 15, na kocha mkuu Frank Reich alifukuzwa baada ya mechi 11. Mwaka 2024, chini ya kocha mpya, Young aliwekwa benchi baada ya mechi mbili tu, akaja kurudishwa baadaye na kucheza vizuri kuliko kabla.

Na ile nafasi waliyowapa Chicago? Kwa jinsi Carolina walivyofanya vibaya, ikageuka kuwa nafasi ya kwanza kabisa ya 2024. Bears wakamchagua Caleb Williams. Ungedhani wamejifunza kutoka kwa jirani. Williams akaangushwa mara 68 katika msimu wake wa kwanza, kocha wa mashambulizi akafukuzwa katikati ya msimu, kocha mkuu Matt Eberflus akafuata, timu ikamaliza kwa ushindi 5 na vipigo 12. Kibanda kizima kilikuwa kimeshamhukumu kijana. Kocha alikataa. Alituambia tusubiri tuone viongozi wa timu watanunua nini, kwa sababu ununuzi wa timu unaonyesha inaamini kosa lilikuwa la nani. Mwaka 2025 Bears wakamleta Ben Johnson kuwa kocha mkuu, wakawachukua Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman, wazuiaji watatu wa katikati kwa mpigo. Kijana ni yule yule, mkono ule ule. Wakashinda mechi 11 na kuongoza kundi lao. Usiku Kocha aliofuta maduara mekundu ya Chicago ubaoni, watu walipiga makofi kana kwamba bao limefungwa uwanja wa taifa wa Namboole.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya pesa yangu. Mechi yenyewe unaweza kuitazama kwenye simu. Kibandani unapata mtu anayekumbuka alichosema msimu uliopita na yuko tayari kupimwa nacho mbele ya wateja wake.

Tunabishana pia. Kocha anaamini kila kwotabeki kijana akae benchi mwaka mzima, na ushahidi wake ni Patrick Mahomes, aliyechaguliwa wa 10 mwaka 2017 akakaa nyuma ya Alex Smith karibu msimu wote, na Jordan Love, aliyesubiri miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Mimi sikubali. Kansas City na Green Bay hazikuwa timu zilizoanguka, zilikuwa na uwezo wa kumwacha mtoto asubiri. Timu iliyoshinda mechi tatu haina Alex Smith wa kumkalisha mtu nyuma yake. C.J. Stroud alianza mechi ya kwanza kabisa na Houston mwaka 2023, timu ikatoka ushindi 3 hadi 10. Jayden Daniels alianza mara moja na Washington mwaka 2024, wakatoka ushindi 4 hadi 12. Kinachomuua kijana ni kuachwa peke yake, awe amesubiri au hakusubiri. Houston wenyewe waliwahi kufanya hivyo: mwaka 2002, timu ikiwa mpya kabisa, walimchagua David Carr wa kwanza, akaangushwa mara 76, rekodi ambayo hakuna anayeitamani. Nilimwambia Kocha hayo, akaniandika ubaoni pembeni, “Madamu: Carr 76”, na maandishi yako pale mpaka leo.

Kuna usiku mmoja katika mwaka ambao namshauri kila Mganda ahudhurie, ule anaoonyesha mechi za zamani. Alituwekea ya Novemba 2006, New York Giants dhidi ya Tennessee Titans. Upande wa Titans kuna kwotabeki wa msimu wa kwanza, Vince Young, aliyechaguliwa wa tatu mwaka huo na timu iliyokuwa imeshinda mechi nne tu msimu uliotangulia. Upande wa Giants kuna mlinzi Mathias Kiwanuka, naye katika msimu wake wa kwanza, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye jaji mkuu aliyeuawa mwaka 1972 chini ya Amin. Wazee wawili walikuwa wameletwa na vijana wao. Jina lilipotajwa walivuta benchi mbele. Titans walikuwa wamefungwa 21 kwa 0, wakapunguza hadi 21 kwa 14, na sasa wamefika jaribio la nne, la mwisho. Kiwanuka akamkamata Young, akamkumbatia kabisa, kisha akamwachia, akidhani mpira umeshatoka. Ulikuwa bado mkononi. Young akakimbia, wakapata nafasi mpya, na Titans wakashinda 24 kwa 21.

Mzee mmoja aliuliza kijana wetu alifanywa nini baada ya hapo. Kocha akajibu vizuri: hawakumtupa. Waliendelea naye miaka mingi, na yumo katika timu za Giants zilizobeba ubingwa katika msimu wa 2007 na wa 2011. Baadaye nilimwona yule mzee nje akimweleza mwenye boda habari ile ile kwa mikono miwili, namna ya kukumbatia na namna ya kuachia.

Sasa kasoro, maana zipo. Septemba na Oktoba mechi za kwanza zinaanza saa mbili usiku kwa saa zetu, na ile mechi kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyoanza saa kumi na mbili na nusu inakuwa bado haijaisha. Skrini ni moja. Ikicheza Arsenal au Manchester United, sahau robo nzima ya kwanza ya mpira wa Kimarekani, na robo hiyo ndiyo inayoonyesha mpango ambao kocha wa timu alimwandalia kijana wake wiki nzima. Mwanzoni mwa Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma na mechi zinaanza saa tatu, lakini hata Ligi Kuu inakuwa imesogea, kwa hiyo tatizo haliondoki. Kocha anunue skrini ya pili, hata ndogo ya pembeni. Wateja wa Jumapili tuko tayari kuongeza kiingilio.

Mabenchi hayana egemeo na mechi ni ndefu, zaidi ya saa tatu. Chukua kitu cha kukalia. Intaneti inakatika mvua ikinyesha sana. Jenereta ipo, ila inanguruma upande wa dirisha na waliokaa huko hawasikii maelezo. Choo kiko nje na hakina taa. Hili la choo nimelisema kwa upole na nitalisema tena, kwa sababu wanafunzi wa kike wanaanza kuja na ndiyo sababu baadhi hawarudi.

Kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mechi za mwanzo wa usiku. Ukibaki kwa ile inayoanza saa tano na nusu unaongeza 1,000 na unapata chai ya maziwa yenye tangawizi, moto kwelikweli. Chakula hakipikwi ndani, lakini mlangoni kuna kijana wa rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ambaye hapunguzi mayai, na ukimwambia aweke kabichi na nyanya nyingi haoni tabu. Ile mechi ya saa tisa na dakika ishirini usiku Kocha haionyeshi moja kwa moja. Anaihifadhi na kuionyesha Jumatatu jioni, na mimi naipenda zaidi hiyo, watu ni wachache na anasimamisha picha kila unapomwomba.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, fika mapema ukae upande wa kulia, karibu na meza ya vifuniko. Mwambie ndiyo mara yako ya kwanza. Atakupanga karibu na mtu wa kukusaidia. Msimu huu anamfuatilia Cam Ward wa Tennessee, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2025 na ambaye kocha wake mkuu alifukuzwa baada ya mechi sita tu za mwaka huo. Maduara mekundu ya Titans bado ni mengi ubaoni, na Kocha anakaribisha yeyote mwenye hoja ya kuyafuta.