Kubadilisha injini ya GX110 kutoka 1G kwenda 1JZ: uzoefu wangu na fundi niliyemchagua

Toyota Mark II yangu ya GX110 ilikuja na injini ya 1G-FE ya lita 2, ambayo mjini haina tatizo lolote, lakini kwa mtu anayepanda mlima wa Kitonga mara kwa mara akiwa na abiria na mizigo, nguvu zake za farasi 160 huisha mapema. Niliamua kufunga 1JZ-GE yenye VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka), ya lita 2.5 na farasi 200, na kazi kubwa ikawa kumpata fundi.

Dar es Salaam haina upungufu wa mafundi wa kushusha na kupandisha injini. Katika gereji ya kwanza niliyoingia, fundi mkuu alinijibu kabla sijamaliza kueleza: "Wewe lete mashine, bosi, itakaa tu." Sikurudi. Fundi wa Tegeta, ambaye ndiye niliyempa kazi, alianza kwa kuuliza injini itatoka kwenye gari gani, kwa sababu 1JZ hazifanani sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Nyingine limekaa mbele, nyingine nyuma, na lisipolingana na krosimemba yako (chuma kinachokingama chini ya injini) itabidi kukata kitu. Akaongeza kwamba bodi ya 110 ilitoka kiwandani ikiwa na 1G na pia ikiwa na 1JZ, kwa hiyo mikono ya mauntingi (vishikizo vya injini) inayolingana ni ya kutafuta kwenye spea za mtumba, wala hakuna haja ya kuchomelea vyuma. Swali lile lilinipa imani kuliko picha zote alizonionyesha kwenye simu.

Tulikwenda pamoja Shaurimoyo, kwa wauzaji wa injini za mtumba. Alikataa injini ya kwanza, iliyooshwa ikang'aa kabisa, kwa kuwa waya zake zilikatwa karibu na mashina na muuzaji hakuwa na kontroo boksi yake (kompyuta ya injini). Alisisitiza tuchukue injini, gia boksi, waya na kontroo boksi vilivyotoka kwenye gari moja, maana boksi hiyo ndiyo inayoamuru injini na gia za otomatiki kwa pamoja. Kisha alitoa plagi zote na kupima kompresheni silinda moja baada ya nyingine, akitazama zaidi kama namba zote sita zinakaribiana. Taimingi belti, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki alivibadilisha injini ikiwa bado chini.

Kwenye waya ndipo nilipoona pesa yangu imefanya kazi. Fundi umeme wake alibandika alama kwenye kila waya, akaandika daftarini unakotoka na unakokwenda, na maungio yote aliyachomelea kwa risasi na kuyavika mpira, badala ya kuyasokota na kuyazungushia tepu kama tulivyozoea kuona. Spidomita, geji ya joto na kiyoyozi vyote vinafanya kazi. Kabla ya kulipokea gari lililofanyiwa kazi kama hii, washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, uliza balbu iko wapi, maana huenda imetolewa ili kuficha kasoro.

Malalamiko ninayo. Alichelewa mno, hasa kwenye kurekebisha propela shafti (inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), na simu alikuwa anapokea pale tu alipokuwa na habari njema. Ufundi ulinigharimu shilingi 1,200,000 bila injini, na salio la mwisho sikulitoa mpaka nilipokwenda Chalinze na kurudi bila injini kuchemsha. Hata hivyo, ekzosi bado inagusa bodi nikipita kwenye matuta, na hilo ninamdai.

Upande wa karatasi simlaumu. Alitaka kuona stakabadhi ya injini kabla ya kuifunga, akanikumbusha kwamba namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ni lazima nipeleke mabadiliko TRA, la sivyo nitasumbuka siku ya kuuza au ya kudai bima.

Kwa 1JZ ya kawaida ningempeleka hata ndugu yangu kwake. Kwa ile yenye tabo, inayohitaji pia rejeta kubwa zaidi na breki za kuihimili, sijaiona kazi yake na siwezi kumsemea.