Kutoga Sehemu za Faragha: Tathmini ya Studio Moja na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Sindano

Studio ninayoitathmini hapa ilinitoga chuchu zote mbili, ikakataa kunitoga mahali pengine nilipopaomba, na kwa kukataa huko naipa sifa kubwa kuliko kwa kazi yenyewe iliyoifanya. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayoyaandika yanamfaa mtu mzima yeyote anayefikiria kutogwa chuchu au viungo vya uzazi, popote atakapokwenda. Sindano yenyewe humalizika kwa sekunde chache, lakini jeraha lake hukaa kwa miezi mahali panaposuguliwa na nguo, panapolowa jasho, na ambapo wengi huona haya kumwonyesha hata daktari. Kwa hiyo nimeipima studio kwa mambo yanayoilinda miezi hiyo, na uzuri wa vito vilivyopangwa kabatini nimeuweka nyuma.

Siku ya mashauriano mtogaji alianza na maswali ya afya na kuyaandika majibu yangu. Aliuliza kama nina mimba au nanyonyesha, kama nina kisukari, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama nina hitilafu ya moyo au vali ya bandia, kama makovu yangu huvimba na kutanda kupita mipaka ya jeraha, na kama hereni za kawaida huniwasha. Kila swali lina sababu yake. Kisukari huchelewesha jeraha kupona, dawa za damu huongeza kutokwa damu, na bakteria wanaoingia kupitia tundu jipya wanaweza kusafiri hadi kwenye vali za moyo za mtu ambaye tayari ana kasoro hapo. Kuhusu keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua baada ya jeraha kufunga, watu wenye asili ya Afrika hupatwa nalo zaidi kuliko wengine, na kifua ni miongoni mwa sehemu linakopenda kuota. Aliyewahi kuwa nalo, au ambaye ndugu zake wanalo, azungumze na daktari wa ngozi kabla hata ya kuweka miadi. Mtogaji asiyeuliza lolote kati ya haya hastahili kukufungulia sindano.

Aliuliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda, na hapo nilijua kwamba anaelewa kazi yake. Sindano chafu inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU, na kati ya hizo tatu ni aina ya B pekee yenye chanjo. Ni vyema mtu akamilishe chanjo hiyo mapema, kwa kuwa hutolewa kwa dozi kadhaa zinazoachana kwa wiki au miezi.

Sasa nije kwenye kule kukataa. Nilitaka kutogwa ngozi inayofunika kinembe, tundu ambalo likipitishwa vizuri hupita kwenye ngozi hiyo pekee na haligusi kinembe chenyewe. Mtogaji alinieleza atakachokifanya kabla ya kunigusa, akavaa glovu, kisha akapima kwa kijiti cha pamba kilichotiwa mafuta maalumu kama kuna nafasi ya kutosha chini ya ngozi. Haikuwepo. Alisema kito kingekaa juujuu, kingevutwa na kila mwendo, na mwisho mwili ungekisukuma nje polepole na kuacha kovu. Pia alieleza kwamba kutoga kinembe chenyewe, jambo ambalo baadhi ya watu huliomba kwa kutojua tofauti, hufaa kwa maumbile ya watu wachache sana na huweka mishipa ya fahamu hatarini, naye hafanyi. Alipoteza malipo ya kazi hiyo kwa hiari yake. Kwa wanaume mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine: tundu linalopita chini ya kichwa cha uume na kutokea kwenye mrija wa mkojo kwa kawaida hupona kwa wiki chache, ingawa hubadilisha mkondo wa mkojo na wengi hulazimika kukojoa wakiwa wamekaa, ilhali lile linalovuka kichwa cha uume upande hadi upande hupita kwenye nyama yenye damu nyingi na huchukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Anayekuambia kwamba kila mtu anaweza kutogwa kila mahali anakuuzia kito tu.

Chumba kilikuwa na mlango unaofungwa, pazia, na kiti cha mtu wa kunisindikiza, na niliambiwa wazi kwamba naweza kusimamisha kazi wakati wowote. Nayasisitiza haya kwa sababu sehemu inayotogwa ni ya faragha na mteja yuko katika hali ya unyonge. Mtogaji hagusi bila glovu, hagusi pasipohitajika, hatoi maneno kuhusu mwili wako, na hapigi picha isipokuwa umekubali mwenyewe bila kushawishiwa. Likivunjwa hata moja kati ya hayo, vaa nguo uondoke. Huwiwi maelezo na mtu yeyote.

Walidai pia kitambulisho, na hawakukubali neno langu tu kuhusu umri. Huduma hii ni ya watu wazima peke yao, na ridhaa ya mzazi haibadilishi hilo. Huko Wales, kwa mfano, sheria ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika Februari 2018 inakataza kumtoga mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 katika sehemu za faragha, na orodha yake inajumuisha hata ulimi. Kwa wanawake kuna jambo jingine la kisheria ambalo studio nyingi hazilisemi: Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake wa aina 4 za ukeketaji, linataja kutoboa viungo vya uzazi vya mwanamke bila sababu ya kitabibu miongoni mwa vitendo vyenye madhara vya aina ya 4. Katika nchi ambazo sheria ya ukeketaji imefuata maelezo hayo, mtogaji anaweza kujikuta upande mbaya wa sheria hata kama mwanamke mzima ameomba mwenyewe kwa hiari. Studio yangu ililieleza jambo hilo bila kuulizwa. Anayetaka kutogwa huko aisome sheria ya nchi yake kabla ya kulipa amana.

Katika usafi sina lawama. Sindano ilikuwa ya kutumika mara moja, ikafunguliwa kwenye pakiti mbele yangu na kutupwa kwenye kisanduku kigumu mara baada ya kazi. Koleo na vifaa vingine vilitoka kwenye mifuko iliyofungwa, iliyopitia mashine ya mvuke wenye shinikizo. Mashine hizo huua vijidudu kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi. Hapa kuna swali ambalo wateja wachache huliuliza. Alama inayobadilika rangi kwenye mfuko huonyesha tu kwamba mfuko ulipata joto. Ushahidi wa kwamba mashine inaua kweli ni kipimo cha mbegu za bakteria sugu zinazowekwa ndani yake kisha kukaguliwa kama zimekufa. Niliomba kuona daftari la vipimo hivyo, nikaletewa bila manung'uniko. Bastola ya kutogea, ile inayosukuma kito butu kwa nguvu ya springi, haina nafasi kabisa katika kazi hii: huponda nyama badala ya kuikata, na zile zenye mwili wa plastiki haziwezi kuhimili joto la mashine ya mvuke. Ukiiona mezani, umeshapata jibu lako.

Vito vyao vya mwanzo ni vya titani ya daraja la vipandikizi vya mwilini, yenye alama ya kiwango ASTM F136, na walikuwa na hati ya kiwanda inayothibitisha hivyo. Jina "chuma cha upasuaji" linalotumika madukani halitoshi, kwa maana hutajwa kwa aina nyingi za chuma cha pua, na karibu zote zina nikeli, madini yanayoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa vito vya kutogea: kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Dhahabu ya karati 14 au 18 inafaa ikiwa ni dhahabu tupu hadi ndani, lakini kito kilichopakwa dhahabu huambuka na kuacha chuma cha chini kikigusana na jeraha. Fedha haifai kwa tundu bichi. Kito cha kwanza kwa chuchu huwa ni kijiti kilichonyooka chenye gololi ncha zote mbili, na hukatwa kirefu kidogo makusudi ili kuachia uvimbe nafasi. Uvimbe ukishapungua hubadilishwa kwa kifupi zaidi, kwa sababu urefu uliobaki hunasa nguo na kulivuta tundu likapinda.

Maumivu niyaseme kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo huulizwa kwanza na ndiyo hupita kwanza: ni makali na ni ya muda mfupi sana. Mtogaji si daktari, na sindano ya ganzi si kazi yake.

Baada ya sindano ndipo studio hii iliponivunja moyo. Mtogaji mwenyewe alikuwa anajua utunzaji, lakini karatasi niliyokabidhiwa mapokezi ilikuwa ya masikio. Iliagiza kupaka spiriti na kuzungusha kito kila siku, mambo mawili yanayodhuru tundu jipya popote lilipo: spiriti na peroksidi huua chembe changa zinazojaribu kuziba jeraha, na kuzungusha kito huchana ngozi inayojijenga ndani na kuingiza ukoko na vijidudu. Utunzaji unaokubalika kwa watogaji makini ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono, nyunyizia maji ya chumvi yaliyotakaswa ya asilimia 0.9, acha ukoko ulainike na utoke wenyewe, kausha kwa shashi safi, kisha uache. Hakuna marhamu, kwani hufunga hewa na kunasa uchafu. Hakuna kuogelea kwenye bwawa, ziwa au bahari hadi pafunge.

Karatasi ile haikugusia kabisa tendo la ndoa, na kwa kutogwa sehemu hizi kunyamaza huko ni kosa kubwa. Mate na majimaji ya mwenzi yana vijidudu ambavyo jeraha lako halivijui, na hilo ni kweli hata kwa wanandoa wa miaka mingi. Viungo vilivyotogwa hupumzishwa hadi uchungu na uvimbe viishe, na baada ya hapo, kwa muda wote uliobaki wa kupona, hutumika kondomu au kizuizi kingine. Kondomu nayo inaweza kuchanwa na kito, kwa hiyo huchaguliwa yenye nafasi zaidi, pamoja na kilainishi. Mgusano wa mdomo na chuchu mbichi uachwe.

Muda wa kupona hutofautiana sana, na studio iliutaja kwa uaminifu: chuchu miezi 6 hadi 12 na wakati mwingine zaidi, ngozi ya kinembe wiki 4 hadi 8, mashavu ya nje ya uke miezi 3 au zaidi. Chuchu hudanganya, maana huonekana zimepona nje huku ndani bado ni bichi, na jipu la titi linaweza kutokea miezi mingi baada ya kutogwa. Majimaji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka kuwa ukoko ni ya kawaida. Wekundu unaotanda, joto, usaha mzito, uvimbe mgumu au homa ni mambo ya kumwona daktari siku hiyo hiyo, na kito kisitolewe kabla hajakiona, kwa sababu tundu likijifunga juu linaweza kuufungia usaha ndani.

Mwanamke anayetarajia kunyonyesha baadaye ajue kwamba wengi waliotogwa hunyonyesha vizuri, ila mirija ya maziwa inaweza kupata kovu au kuvujia tunduni, na kito lazima kitolewe kila mara mtoto anaponyonya ili asikabwe. Anayechangia damu aulize kwanza, kwa kuwa huduma nyingi za damu humtaka mtu asubiri miezi kadhaa baada ya kutogwa. Kwenye picha ya matiti kito hutolewa, na kabla ya kipimo cha sumaku (MRI) mjulishe mpiga picha mapema hata kama ni titani.

Ningerudi kwa mtogaji yule bila kusita. Niliandikia studio kuomba karatasi ya pekee kwa sehemu za faragha, yenye kutaja tendo la ndoa na siku ya kubadilishiwa kijiti, jambo ambalo nalo nililijua kwa kuuliza mwenyewe. Nilipokwenda kubadilishiwa, karatasi ya mapokezi ilikuwa ile ile ya masikio. Atakayekwenda kwao, au kwa studio iliyo na hali kama hiyo, aombe maelezo ya utunzaji kutoka kinywani mwa mtogaji angali chumbani, ayaandike, na aweke miadi ya kubadilishiwa kijiti kabla ya kutoka mlangoni.