Uzoefu wangu na darasa la afya ya akili la kwenye simu, nikiwa Tabora

Mwezi uliopita nimemaliza miezi sita ya darasa hili. Kabla sijalipia nilitafuta maoni ya mtu aliyewahi kulisoma, nikakosa, kwa hiyo naandika ya kwangu. Jina la waandaaji naliacha. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalalamikia, nao hawapo hapa kujitetea.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tabora. Kitengo chetu cha afya ya akili ni chumba kilichokuwa stoo ya magodoro: meza, benchi, na kabati la mafaili ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba ya bandeji. Tabibu ninayefanya naye kazi yupo kwangu siku mbili kwa wiki, siku nyingine anahangaika na foleni ya wagonjwa wa nje. Wanaokuja kwetu, wengi ni wa kifafa. Wanafuata wa pombe, wa skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwapo), na wa sonona, yaani huzuni iliyofikia ugonjwa, ambao hata siku moja hawaji kwa jina hilo. Chuoni nilisoma afya ya akili kwa wiki chache tu, na toka hapo nimekuwa nikienda kwa mazoea na kwa kuuliza waliotangulia.

Leseni yetu wauguzi haihuishwi bila pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu. Miaka yote mimi nimezijaza kwa semina za malaria na za uzazi salama, maana ndizo zinazofika huku. Nilikuwa na pointi za kutosha, na mgonjwa wa haloperidoli, dawa ya kutuliza hizo sauti, akinikodolea macho sijui nimfanye nini.

Kabla ya darasa hili nilishapoteza pesa mahali pengine, na ni vizuri niseme ili mwingine asirudie. Nilijiunga na tovuti moja ya Marekani inayouza kozi za washauri na wanasaikolojia, dola 99 kwa mwaka, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Kozi ni mamia. Shida ni kwamba zimekatwa kwa kipimo cha wenyewe: kule kila jimbo lina bodi yake ya leseni, na kila bodi inataka idadi yake ya saa, nyingine za maadili, nyingine za kuzuia kujiua. Nilisoma saa tatu nzima kuhusu HIPAA, sheria yao ya 1996 inayolinda siri za mgonjwa, nikiwa nimekaa pembeni ya kabati langu la kamba ya bandeji. Kozi ya kuzuia kujiua ilimalizia kwa kuelekeza nimpe mgonjwa namba 988, ya simu ya msaada kwa anayewaza kujiua, ambayo kule ilianza kutumika Julai 2022. Mgonjwa wangu wa Sikonge akiipiga hiyo, sijui atapokelewa na nani. Na waandaaji wale hawatambuliwi na Baraza letu la Uuguzi na Ukunga, kwa hiyo pointi hakuna. Hilo kosa ni langu, sikuuliza kwanza.

Sitasema sikupata kitu kabisa. Kozi yao ya mahojiano ya kumtia mtu hamasa, ule utaratibu wa William Miller na Stephen Rollnick, niliipenda na ninaitumia mpaka leo. Badala ya kumhubiria mlevi unamuuliza yeye mwenyewe pombe inampa nini na inamnyima nini, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi manesi tumezoea kufokea watu.

Turudi kwenye darasa lenyewe. Ni shilingi 60,000 kwa miezi sita, unalipa kwa simu, na kabla ya kulipa niliwaomba wanionyeshe uthibitisho kwamba pointi zake zinahesabika. Walinitumia siku hiyo hiyo. Kuna video 24 unazoangalia kwa muda wako, halafu kila Alhamisi saa moja jioni mnakutana kwenye simu, daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili na sisi wanafunzi 14, wengi wa Tabora na Kigoma, wawili wa Katavi. Kila Alhamisi mmoja anawasilisha kesi ya kwake bila jina la mgonjwa.

Video ni za wastani. Zinafuata mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ambao umeandikwa kwa ajili ya watu kama sisi tusio mabingwa, hivyo mpangilio wake unaeleweka: dalili, maswali ya kuuliza, hatua, lini urufae, yaani umpeleke hospitali ya juu. Sehemu ya kifafa ni nzuri kuliko zote. Hapo ndipo nilipoacha kuona valproeti kama dawa ya kila mtu, maana kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimi nilikuwa na wasichana wawili kwenye daftari wanaoinywa bila mtu yeyote kuwahi kuwaambia hilo. Ila slaidi ni za Kiingereza wakati msimulizi anaongea Kiswahili, unajikuta unasoma hiki unasikia kile. Na jaribio la mwisho wa kila video unaweza kulifaulu bila kuitazama. Najua kwa sababu nilifanya hivyo mara mbili, wiki niliyokuwa na zamu za usiku.

Kilichonifanya niseme pesa yangu imerudi ni Alhamisi.

Zamu yangu ya kuwasilisha ilinikuta mwezi wa pili. Mtandao wetu unasuasua ndani ya nyumba, kwa hiyo nilibeba kiti mpaka chini ya mwembe wa jirani, ndipo unaposhika. Kesi niliyoipeleka ni ya kijana mwenye skizofrenia, maelezo mengine nimeyabadilisha asitambulike. Tulimwanzishia haloperidoli miligramu 5. Sauti zikapungua, akaanza kuoga mwenyewe, mama yake akafurahi. Wiki ya tatu akaanza kutembea. Hakai. Akipewa chakula anakula amesimama, usiku anazunguka ua mpaka alfajiri, mama anasema amechimba njia kuuzunguka mti. Mimi nikaandika kwenye faili “ugonjwa umezidi”, tabibu akasoma nilichoandika, tukapandisha mpaka 10. Akazidi kutembea. Nikaleta swali langu darasani: tupandishe tena, au tumrufae Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa?

Kimya kidogo. Halafu akaongea muuguzi mmoja wa upande wa Kasulu, mama mtu mzima aliyebakiza miezi michache astaafu, ambaye kawaida hukaa darasani akiwa anakoroga kitu jikoni, unasikia mwiko. Akaniuliza: “Mwanangu, umemuuliza ni sauti zinamtuma atembee, au ni miguu?”

Sikuwa nimemuuliza.

Daktari ndipo akaeleza. Hali hiyo inaitwa akathisia, inaletwa na dawa yenyewe, hasa zile za zamani kama haloperidoli, na huweza kuanza siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa au kupandisha dozi. Mgonjwa anahisi msukumo wa ndani wa kutotulia, miguu ndiyo inayomtesa zaidi, na mara nyingi hawezi kueleza. Anayemtazama anaona kichaa kimepanda. Ukimwongezea dawa, unamwongezea moto. Akasema pia benzeksoli, ambayo tumeizoea kwa mgonjwa aliyepindwa shingo na dawa hizi, kwa miguu hii haina msaada mkubwa; kwanza angalia kama dozi inaweza kushushwa, na propranololi kidogo inaweza kusaidia kama mgonjwa hana pumu. Akamalizia kwamba wengine wakiteseka hivyo kwa muda mrefu hufikia kutaka kujiua. Hapo nilihisi kiti kinanikataa.

Kesho yake nilimuuliza yule kijana kwa maneno ya mama wa Kasulu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake baada ya miaka. “Ni miguu, nesi. Sauti zimenyamaza. Miguu ndiyo hainiachi.” Tabibu akamrudisha kwenye 5, akampima, akamwongezea propranololi. Baada ya wiki mbili alikaa kwenye benchi yetu toka kusajiliwa mpaka kuitwa, na kwa foleni yetu hiyo si kazi ndogo.

Lakini linalonikaa rohoni ni jingine. Mama yake, ambaye anauza karanga stendi, alikuwa ameshaniambia. Siku tuliyopandisha dozi alisema, “Nesi, hiyo dawa ndiyo inayomkimbiza.” Nikamjibu vile tunavyojibu ndugu wote wa wagonjwa, kwamba mkiona nafuu mnatafuta sababu ya kuacha dawa. Nilimfuata stendi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Akasema, “Si nilikwambia, mwanangu,” akanipimia karanga za mia tano na akakataa hela.

Alhamisi nyingine nzuri ilikuwa ya namna ya kuuliza. Kile kipimo cha sonona cha maswali tisa, PHQ-9, kipo kwa Kiswahili, lakini ukikisoma kama fomu ya sensa mtu anakujibu hapana tisa anaondoka. Tulipitia swali moja moja tukiambizana watu wetu wanasemaje. Huku hakuna anayesema ana huzuni. Wanasema mawazo. “Nina mawazo mengi, nesi”, au moyo unaenda mbio, au mwili umekosa nguvu, na amepima malaria mara tatu hana. Daktari akatuambia Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na kwamba Dixon Chibanda na wenzake walijenga juu ya neno hilo huduma ya mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Nikaiangalia benchi yangu kwa jicho jingine. Bibi wa kukaa pale bado sijampata.

Swali la tisa, la kuwaza kufa, lilichukua jioni nzima. Wengi wetu tulikiri tunaliruka. Tunaogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, jambo ambalo daktari alituhakikishia halitokei kwa kuuliza. Na tunaogopa sheria, maana Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndugu wanaomleta mtu aliyekunywa sumu husema amekosea chupa. Huku kwetu penye tumbaku dawa za shamba zipo karibu kila nyumba, mara nyingi chini ya kitanda cha mtu huyo huyo. Sasa nikishauliza swali la tisa nauliza na la kumi la kwangu: dawa ya shamba inakaa wapi, na funguo anaweza kushika nani? Hili halimo kwenye fomu, lakini ndilo ambalo ndugu huondoka nalo wakalifanyia kazi siku hiyo hiyo.

Haya, malalamiko. Video ni nzito, moja inakula bando la siku mbili, na nilipoomba waweke sauti peke yake waliahidi tu. Saa moja jioni ni saa ya kupika. Sisi wanawake tulikuwa tisa na hakuna Alhamisi ambayo mtoto wa mtu hakulia hewani. Cheti kilichelewa wiki saba, na ujumbe wangu wa kuulizia ulijibiwa na mashine. Waganga wa jadi hawakutajwa isipokuwa kwa kulaumiwa, wakati wagonjwa wangu wengi wamepita kwao kwanza na wengine wanakwenda kote kuwili. Ningependa Alhamisi hata moja ya namna ya kuzungumza na mganga.

Halafu dawa. Darasa linakufundisha fluoksetini, dawa ya sonona, kwamba inahitaji wiki nne mpaka sita kabla ya kuonyesha kazi na kwamba mtu aendelee nayo miezi tisa au zaidi hata akishapona. Dirisha letu la dawa lina amitriptilini, ya sonona pia lakini ya zamani, na si kila mwezi. Hilo siwadai waandaaji, ila wangekuwa na somo la nini cha kumwambia mgonjwa siku kabati lipo tupu, ningelipia na hilo.

Kwa muuguzi au tabibu wa wilayani mwenye wagonjwa mkononi, lipia. Kama huna wagonjwa wa afya ya akili kwa sasa, subiri. Bila kesi ya kupeleka Alhamisi utabaki na video, na video peke yake hazina thamani ya 60,000. Kundi letu la simu halijavunjwa. Mama wa Kasulu ameshastaafu, ila bado anajibu, kwa sauti, mwiko ukisikika.

Pakueni video zote usiku bando likiwa rahisi. Ya kumi na saba msihangaike nayo, sauti yake imekwama toka dakika ya pili na mpaka namaliza walikuwa hawajaibadilisha.